Tupeane uzoefu: rimoti ya gari kugoma ikiwa karibu na simu na vifaa vingine

Babu wa Crown: Wakuu, leo sheli gari imegoma kuwaka, dashibodi inadai ufunguo (ndiyo hii rimoti, gari ni ya kuwasha kwa kitufe) haupo, na uko mfukoni! Nimeutenga na simu, ikawaka. Nani yamemkuta?

Mama Harrier: Usinikumbushe! Tumetoka msibani Korogwe usiku, tukasimama Segera kununua machungwa. Kurudi, mlango hausomi. Nabonyeza, kimya. Mvua inanyesha, mama mkwe kajitanda khanga ananitazama tu. Wauza machungwa wakaanza: "Dada, hii gari ni yako kweli?" Bodaboda mmoja akanionyesha kijipini ubavuni mwa rimoti: ukikisukuma unachomoka ufunguo wa chuma. Nikafungua, king'ora kikalia stendi nzima ikageuka. Akaniambia nikanyage breki, nigusishe rimoti kwenye kitufe cha kuwashia. Ikawaka. Kumbe mkobani rimoti ilikuwa imebanana na simu na pawabenki inayochaji.

Kaka_Mkubwa: Pawabenki ni mchawi. Nathibitisha.

Fundi Waya: Gari inaita rimoti kwa mawimbi ya masafa ya chini, kHz 125 hadi 134, rimoti inajibu kwa MHz 315 au 433. Ule mwito ni dhaifu, haufiki mbali, kifaa chenye kelele za mawimbi kikiwa jirani unamezwa. Toyota wenyewe kwenye kitabu cha gari wanasema ikae angalau sentimita 10 mbali na vifaa vya umeme vilivyowashwa.

Mbishi Asilia: Ngano. Badilisheni betri.

Fundi Waya: Ngano? Mwaka 2019 North Olmsted, Ohio, rimoti za magari na za milango ya gereji ziligoma mtaa mzima kwa wiki kadhaa. Chanzo kidude alichojiundia mkazi mmoja nyumbani, kinarusha MHz 315 bila kupumzika.

Mbishi Asilia: Huko Marekani. Hapa ni betri.

Kaka_Mkubwa: Funga rimoti kwenye foili.

Babu wa Crown: Si ndiyo haitafungua kabisa?

Kaka_Mkubwa: Ya usiku, mzee, wezi wasidake mawimbi yake wakafungua gari. Na ukifunga gari sokoni vuta kitasa uhakikishe, wapo wenye vidude vya kuzima rimoti.

Dada wa Tanga: Hayo baadaye. Mama mkwe alisemaje??

Mbishi Asilia: Hata mimi nasubiri hilo.

Mama Harrier: Neno hakusema. Mlango ulipofunguka nikakuta kashanunua gunia zima, anauliza litakaa wapi.