Msaada: Hilux inavuta kulia nikikanyaga breki, nianze na tairodi au boljointi?

Nyanya Express: Wakuu, habari za jioni. Nina Hilux ya 1994, dizeli, injini 2L. Nabeba nyanya kutoka Ilula kwenda Morogoro. Nikikanyaga breki usukani unakimbilia kulia kana kwamba una mtu wake huko. Fundi kasema mbele kote kumechoka: boljointi za juu na chini (viungo vinavyoshikilia tairi), tairodi (vyuma vya usukani vinavyogeuza tairi), bushi za mpira. Nimeshampa advansi laki mbili na Jumamosi nina mzigo. Naulizia kitu kimoja tu: nianze na tairodi au boljointi? Na za mtumba zinafaa?

Kijana wa Makambako: Ngoja waje wajuvi.

Mama Wawili: Hilux ya 94 bado inatembea? Marehemu baba alikuwa nayo. Kioo cha kushoto hakikuwepo, tuliziba na nailoni, mvua ikinyesha anayekaa pembeni ndiye anayeishikilia. Ndiyo iliyompeleka mama kujifungua kitinda mimba wetu. Uza, nunua Kirikuu.

Spana Kumi: Mkuu, boljointi mbovu inagonga kwenye mashimo, na gari linayumba hata hujagusa breki. Lako linavuta ukikanyaga tu. Maana yake kulia kunashika, kushoto hakushiki. Piga jeki, mtu akanyage breki, wewe zungusha tairi la kushoto kwa mkono. Breki ziliguswa lini mara ya mwisho?

Nyanya Express: Breki ziko vizuri mkuu. Mwezi wa pili paipu ilitoboka kidogo, ikarekebishwa. Turudi kwenye tairodi.

Spana Kumi: Ikarekebishwaje?

Utingo Mstaafu: Nakazia hapo. Ikarekebishwaje?

Nyanya Express: Haya. Paipu ya mbele kushoto ililiwa na kutu pale inapokaa kwenye kibanio cha chesisi. Tulikuwa porini, usiku, matenga 22 mgongoni. Tukaikata, tukakunja ncha, tukaigonga nyundo, mafuta yakaacha kuvuja. Ilikuwa ya muda tu. Lakini wakuu, matairi matatu si yanashika? Mteremko wa Kitonga nashuka na gia ya pili, breki naigusa tu. Miezi minne sasa hakuna baya.

Mja wa Mungu: Hapo nyuma juu ya matenga anakaa utingo, na utingo ana mama yake. Tafakari.

Utingo Mstaafu: Nilikuwa utingo wa lori enzi hizo, Kitonga naijua kona kwa kona. Lini za breki zikianza kuungua, harufu inakufikia kabla hujaona moshi. Siku hiyo dereva alikanyaga, pedali ikazama hadi chini, laini kama unakanyaga andazi. Mafuta ya breki hunywa maji taratibu kutoka hewani, yakipata moto maji yanageuka mvuke, na mvuke unabonyea. Nguvu ya mguu inaishia humo humo. Tuliegemea ukuta wa mlima upande wa kushoto, mlango ukabaki pale. Gia unayopandia ndiyo ya kushukia, na bado breki zote nne uwe nazo.

Spana Kumi: Sikiliza mkuu. Paipu nunua ya chuma, au ya shaba iliyochanganywa na nikeli, milimita 4.75. Shaba tupu inachoka kwa mtikisiko, inapasuka. Nati za Toyota ni za milimita 10, uzi wa 1.0, nati za uzi mwingine usilazimishe. Mdomo wa paipu ukunjwe mara mbili, sio mara moja kama wa paipu za friji. Mipira ya breki badilisha yote. Weka mafuta ya breki DOT 3 ya kopo jipya, toa upepo kwenye paipu ukianzia tairi lililo mbali zaidi na pampu ya breki. Boljointi na tairodi ukague baada ya hapo. Na boljointi ya mtumba ni viatu vya marehemu, hujui alivitembeza wapi.

Jicho la Tai: Chai hii, tangawizi tu ndiyo imekosekana. Mwanzo "fundi kasema", sasa "tukaikata, tukaigonga". Fundi gani anasafiri na nyanya usiku? Huyu ndiye fundi. Advansi kapokea yeye, mwenye gari kambana, anakuja hapa kutafuta jibu la kumpa.

Mama Wawili: Weee! Na mimi nilishangaa anavyong'ang'ania tairodi.

Nyanya Express: Jicho, kichwa chako ndicho kinataka kutolewa upepo. Gari ni langu, fundi ni shemeji yangu, huwa ananipokea usukani. Picha hii hapa.

Kijana wa Makambako: Duh. Ncha imepondwa bapa kama mdomo wa bata, halafu imefungwa waya!

Jicho la Tai: Mimi naangalia kucha. Hizo si kucha za mfanyabiashara.

Nyanya Express: Ukikwama Ruaha Mbuyuni saa nane usiku utakuwa na kucha gani?

Spana Kumi: Uwe fundi, uwe mwenye gari, mimi haya hayanihusu. Umezungusha lile tairi la kushoto?

Nyanya Express: Linazunguka. Shemeji amekanyaga mpaka kiti kimelia, linazunguka kama feni. Kesho naenda kutafuta paipu.

Mama Wawili: Na zile nyanya za Jumamosi? Nina Kirikuu, breki zote nne. Tenga unalipa shilingi ngapi hadi Morogoro?