Mrejesho: jeli ya kucha sasa inalala laini

Wapendwa, niliuliza kwa nini jeli ya kujengea (ile nzito ya kuimarisha na kurefusha kucha) inaacha mawimbi na kuinuka, yaani kubanduka, kwenye mzizi wa kucha. Asanteni sana, majibu yenu yamefanya kazi.

Kilichobadilisha mambo ni lile tabaka jembamba la kwanza la jeli mlilonishauri. Unalipaka, huliweki kwenye taa ya kugandishia jeli, halafu juu yake unadondosha tone nene la jeli na kuliongoza kwa ncha ya brashi pasipo kukandamiza. Kisha mteja anageuza kiganja juu, jeli inajivuta katikati na kujisawazisha yenyewe. Hapo ndipo taa. Dole gumba huingia peke yake, maana likilala upande jeli inatiririka. Baridi hii ya Julai hapa Nairobi pia huifanya jeli kuwa nzito, kwa hiyo naweka kopo lililofungwa kwenye maji ya vuguvugu kwanza.

Kuinuka kumeisha tangu nianze kuondoa kila kijingozi kilichoganda juu ya kucha na kuacha upenyo mdogo kando ya ngozi. Na jeli ikigusa ngozi, ifuteni kabla ya taa, tafadhali! Mzio wake ukishaanza, huweza kudumu maisha yote.

Kumalizia: nafuta unato unaobaki juu ya jeli baada ya taa kwa spiriti kabla ya tupa, la sivyo tupa inaziba. Natumia tupa ya namba 180 (kipimo cha ukali wake), kisha bafa ya kulainisha, napangusa vumbi, napaka jeli ya juu ya kumalizia hadi ukingoni.

Swali limebaki moja: kucha zinazopinda kuelekea chini mnazijengaje?