Vifaa vya Ziwa Victoria kwenye bahari ya joto na chumvi kali: turekebishe nini?

Winam_Maji (Kisumu)

Habari wadau. Maabara yetu ya maji hapa Kisumu imealikwa kushirikiana na watafiti wa pwani ya Abu Dhabi mwezi wa Julai, kupima maji na mashapo kwenye hori zenye mikoko na nyasi bahari. Vifaa tulivyo navyo ni vya ziwani: mita ya oksijeni, mita ya upitishaji umeme tunayoikalibreti kwa myeyusho wa mikrosimensi 1413, pampu ya kuchujia, na spektrofotometa (kipima mwanga unaofyonzwa na sampuli) yenye kyuveti, yaani vichupa vya sampuli, za sentimita 1. Kule chumvi ni gramu 40 na zaidi kwa kilo ya maji, na joto la maji kiangazi hupita nyuzi 33. Ni nini kitatudanganya kwanza? Na je, tunaweza kufanya mazoezi Ziwa Nakuru, maana lina chumvi na ni karibu?

Nyando

Kitakachowadanganya kwanza ni oksijeni, tena mara mbili.

Mara ya kwanza ni mwinuko. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mgandamizo wa hewa hapa ni karibu milimita 663 za zebaki, si 760. Mita ikikalibretiwa hapa kwa asilimia 100 huku ndani yake imewekwa 760, ukishuka nayo pwani itasoma juu kwa karibu asilimia 15. Kalibreti upya huko huko ufukweni, kwenye kikombe chenye unyevu, kivulini. Angalieni pia jambo hili: mgandamizo unaotangazwa kwenye taarifa za hali ya hewa huwa umesharekebishwa hadi usawa wa bahari. Ukiuchukua huo na kuuingiza kwenye mita ukiwa Kisumu, umekosea papo hapo. Tumia barometa ya mita yenyewe.

Mara ya pili ni chumvi. Probu haisomi miligramu. Inasoma msukumo wa oksijeni, halafu mita inapiga hesabu ya miligramu kwa kutumia joto na kiwango cha chumvi ulichoiambia. Kwenye usawa wa bahari, maji yasiyo na chumvi ya nyuzi 32 yaliyoshiba oksijeni yana miligramu 7.3 kwa lita. Yakiwa na chumvi gramu 40 kwa kilo, yana kama 5.9 tu. Mita iliyoachwa kwenye chumvi sifuri, kama mnavyoitumia ziwani, itaandika 7.3 na hakuna atakayeshtuka, kwa sababu namba hiyo inaonekana ya kawaida kabisa. Andikeni asilimia ya kushiba pamoja na miligramu kwenye daftari, ili kosa likigunduliwa baadaye hesabu irudiwe.

Kwenye nyasi bahari pimeni kabla jua halijachomoza na tena alasiri. Kipimo cha saa nne asubuhi peke yake hakisemi lolote kuhusu samaki wanavyopumua usiku. Mkitumia njia ya Winkler (ya kupima oksijeni kwa kemikali) kuhakiki mita, tieni dawa kwenye chupa pale pale mnapochota. Maji yaliyoshiba kupita kiasi yakikaa kwenye boti yenye joto hutoa viputo, na oksijeni mliyokuwa mkiitafuta imeshapotea.

Menengai_Lab (Nakuru)

Kuhusu Ziwa Nakuru: kwa mazoezi ya kiwango cha chumvi, msilitumie. Maji yake ni ya magadi, yaani kaboneti na bikaboneti za sodiamu, na pH yake ni karibu 10. Fomula inayogeuza upitishaji umeme kuwa kiwango cha chumvi, ile ya mwaka 1978, inachukulia kwamba uwiano wa ioni ni ule ule wa bahari. Ukiweka maji ya magadi, mita itatoa namba nzuri isiyo na maana. Rifraktomita (inayopima chumvi kwa jinsi mwanga unavyopinda) pia ina skeli ya maji ya bahari.

Mazoezi yafanyieni maabara. Kausheni kloridi ya potasiamu, pimeni gramu 32.4356, ongezeni maji yaliyokenekwa hadi jumla ya uzito iwe kilo 1. Kwa nyuzi 15, myeyusho huo ndio rejea ya kiwango cha chumvi 35, na upitishaji wake ni milisimensi 42.9 kwa sentimita. Lazima iwe nyuzi 15 kweli, kwenye beseni la barafu, na urekebishaji wa joto wa mita uzimwe, kwa kuwa kloridi ya potasiamu haibadiliki na joto sawasawa na maji ya bahari.

Myeyusho wenu wa 1413 uacheni nyumbani. Maji ya gramu 40 yako karibu milisimensi 60 kwa nyuzi 25. Nunueni myeyusho wa milisimensi 53 na mhakikishe seli (probu ya mita) inafika huko; seli nyingi za K=1 (K ni namba ya umbo la seli) huanza kusoma chini, seli ya K=10 au ya elektrodi nne hutulia. Fomula yenyewe inaishia kiwango cha chumvi 42. Kwenye wangwa (tambarare tupu za chumvi) na hori zilizofungika mtapita hapo, basi changanyeni gramu 100 za sampuli na gramu 100 za maji yaliyokenekwa, mpime, mzidishe kwa 2. Kwa mizani, si kwa silinda.

Winam_Maji

Asanteni sana, hilo la barometa limetufungua macho. Na uchujaji? Ziwani mililita 200 zinatosha klorofili.

Kakamega_Mashapo

Huko hazitoshi. Chukua maji yenye mikrogramu 1 ya klorofili kwa lita. Ukichuja mililita 200 na kuitoa kwa mililita 10 za asetoni, kyuveti ya sentimita 1 itakupa ufyonzaji wa mwanga wa kama 0.002, ambao ni kelele za mashine. Chuja lita 2, tumia kyuveti ya sentimita 5, utapata karibu 0.09. Vuta pampu polepole, isizidi kilopaskali 20, la sivyo seli za mwani hupasuka na rangi inapita chini.

Chujio la klorofili usilisuuze kwa maji yasiyo na chumvi, kwa sababu hiyo hiyo ya kupasua seli. Lakini la mashapo yanayoelea ni lazima lisuuzwe. Nusu mililita tu ya maji ya gramu 40 ikikauka kwenye chujio inaacha miligramu 20 za chumvi, uzito unaozidi mashapo yenyewe mara kadhaa. Suuza mara tatu, kisha toa faneli na usuuze ukingo wa chujio ulipobanwa: chumvi hujificha hapo, inaonekana kama duara jeupe baada ya kukauka. Kwa hiyo chujio moja haliwezi kufanya kazi zote mbili.

Kwenye mashapo ya chini ya mchu (ndio mkoko pekee unaoota wenyewe pwani ile), msichome tu na kupima uzito uliopotea kama tunavyofanya kwa tope la ziwa. Wangwa wa kule una jasi. Jasi safi ni maji kwa asilimia 21 ya uzito wake, na yote hutoka kabla tanuri halijafika nyuzi 450, nanyi mtayahesabu kama mboji. Kausheni kwa nyuzi 60, si 105. Kisha tieni asidi ya haidrokloriki hafifu hadi povu liishe, kwa kuwa mchanga ule umejaa kaboneti za makombe na matumbawe, ndipo mpime kaboni kwa mashine ya elementi. Povu likiisha subirini, mtie tone lingine. Dolomaiti huchelewa kuyeyuka na ipo kwenye wangwa wa Abu Dhabi.