Ushauri: Niache ajira ya serikali niende shirika la kimataifa Kigoma?

Afisa Lishe: Wakuu habari zenu. Nipo halmashauri, ajira ya kudumu. Nimepata kazi kwenye shirika linalohudumia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mshahara mara tatu ya huu wa sasa, mkataba wa mwaka mmoja. Hii mikataba huwa inahuishwa? Usingizi sipati.

Bwana Mipango: Hongera mkuu. Ukibaki halmashauri utazeekea kwenye semina. Nenda.

Mama Salome: Mwanangu, pesa si kila kitu. Mdogo wangu aliacha ualimu akaingia mradi wa maji, mradi ukaisha. Akaanza na maandazi, leo ana duka la vitenge Ujiji na ndiye anayetusomeshea wajukuu. Mungu hamtupi mja wake.

Mhasibu Mstaafu: Nani analipa? WHO, Shirika la Afya Duniani, angalau ina michango ya lazima ya nchi wanachama, na hata hiyo kwa miaka mingi haikufika robo ya bajeti. Ndiyo maana 2022 walikubaliana kuipandisha taratibu hadi nusu ya bajeti ya msingi. WFP, Mpango wa Chakula Duniani, haina kabisa mchango wa lazima, inaishi kwa hiari ya serikali na wahisani wengine. Mwaka 2024 karibu nusu ya fedha zake zilitoka Marekani. Januari 2025 Trump akasaini amri ya kusimamisha misaada ya nje, na watu wenye mikataba halali wakarudi nyumbani.

Afisa Lishe: Hili shirika ni mshirika anayetekeleza mradi wa UN. Mfadhili ni serikali moja ya Ulaya, si Marekani.

Mhasibu Mstaafu: Fedha imeingia au imeahidiwa?

Afisa Lishe: Imeahidiwa, wanasema imebaki kusainiwa tu. Barua ya kuacha kazi nimeshaipeleka kwa Mkurugenzi. Jamani, nina watoto wawili sekondari, na wakimbizi hawaondoki kesho.

Binti Kibondo: Hawaondoki? Kambi ya Mtendeli ilifungwa 2021, nilikuwa pale. Na 2023 mgao wa chakula ulishuka hadi nusu. Nilimwona mama akigeuza kiroba chake akitafuta kilipotoboka, kumbe ndivyo alivyopimiwa. Wakati huohuo mradi wetu mwingine ulikuwa na salio benki, lakini mfadhili alishaandika fedha ile ni ya visima, na kuihamishia kwenye unga ni kosa la ukaguzi. Mpaka leo inaniuma. Serikali inachagua nchi, inachagua shughuli, inachagua hadi mwezi wa kuacha. Wewe umeajiriwa ndani ya hicho kifungu cha bajeti.

Kaka Nyamagana: Hii chai. Mwezi jana akaunti hii iliuliza bei za viwanja Kibaha, ikasema ni mwalimu. Leo afisa lishe?

Bwana Mipango: Chai ya tangawizi kabisa 😂

Afisa Lishe: Akaunti natumia na mke wangu, yeye ndiye mwalimu. Mkataba ninao hapa, kifungu kimoja kinasema ajira itategemea upatikanaji wa fedha za mfadhili. Nitunge hayo ili iweje?

Kaka Nyamagana: Na kiwanja mlinunua?

Afisa Lishe: Tulinunua. Kwa mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara wangu wa serikali.

Mama Salome: Ee Mola.

Mhasibu Mstaafu: Hilo ungeanza nalo, kijana wangu. Waombe wakuoneshe makubaliano yaliyosainiwa na mfadhili, na uulize awamu ya kwanza imeingia lini. Wakisita, omba likizo bila malipo badala ya kuacha kazi. Barua imejibiwa?

Afisa Lishe: Bado. Iko masijala, Mkurugenzi yuko Dodoma kwenye vikao hadi Alhamisi.

Binti Kibondo: Basi kesho asubuhi uwe mlangoni pa masijala.

Afisa Lishe: Nitaenda kuwauliza hao wa shirika kwanza. Mara tatu ya mshahara, dada yangu, si kitu cha kuachia hivihivi.