Kodi imepanda, mimi naimudu, mwenzangu haimudu. Nimwambieje?

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri, matusi wekeni pembeni.

Napanga Sinza na rafiki yangu, tuko kampuni moja, idara tofauti. Vyumba viwili, kimoja masta, sebule na jiko. Laki sita kwa mwezi, tunagawana nusu kwa nusu. Mwenye nyumba kaweka pevingi uani, kapaka geti rangi, sasa anataka laki saba na nusu, tena miezi sita kwa mkupuo. Hiyo ni 4,500,000. Kila mtu atoe 2,250,000 kabla mkataba haujaisha mwezi ujao.

Mimi ninayo. Mwaka jana nilipandishwa cheo, mkononi napata kama 1,900,000. Mwenzangu anapata laki saba na themanini, na humo humo kuna mdogo wake anayemsomesha chuo na mama anayemtumia hela Tanga. Anajua nilipanda cheo, hajui mshahara ulipanda kiasi gani.

Nilipomweleza habari ya kodi alisema tu "tutaona, Mungu mkubwa," akaingia chumbani. Tangu hapo, Ijumaa tukitoka ofisini kwenda kula samaki, anasema kafunga. Funga ya sunna ni Jumatatu na Alhamisi, hata mimi Mkristo nalijua hilo.

Nimewaza niongee na mwenye nyumba amwambie kodi haijapanda, halafu nyongeza nilipe mimi kimyakimya. Mnaonaje?

Fundi Bati: Laki saba na nusu kisa pevingi? Hameni. Njooni Kimara, kwa laki sita mnapata nyumba nzima na mnachagua. Mwendokasi mnapandia Kimara Mwisho mpaka Kivukoni.

Mama Wawili: Fundi, hiyo foleni ya mwendokasi asubuhi mbona huisemi? Halafu kuhama si bure. Dalali kodi ya mwezi mmoja, kirikuu ya kubeba vitu, na huko nako watataka miezi sita. Mleta uzi, mwenye nyumba usimtie kwenye siri yako kabisa. Siku mkikorofishana kwa ajili ya bomba la maji, ataimwaga yote. Masta analala nani?

Mleta uzi: Analala yeye. Tulipohamia tulipiga kura.

Mama Wawili: Basi dawa hiyo hapo. Mwambie unaitaka masta, utalipa laki nne na nusu, yeye abaki na laki tatu yake ile ile. Umepata choo chako cha ndani, yeye hajapewa sadaka na mtu.

Mtoto wa Pangani: Taratibu. Mimi niliwahi kuwa huyo rafiki. Jamaa alinifidia kodi kwa roho safi kabisa. Wageni wake wakija, mimi ndiye ninayeinuka kuosha vyombo. Hakuna aliyenituma, nilijituma tu. Hata rimoti nilikuwa siigusi akiwepo. Sasa wewe unataka kumhamisha chumba wakati tayari ananyong'onyea. Ulishamuuliza anaweza kutoa ngapi? Huenda anawaza chumba cha peke yake Tandale, anaona haya kukuacha.

Kijana wa Lumumba: Mshahara wa mtu ni siri yake. Ukimtajia leo, kesho idara nzima inajua, na wa kuja kukukopa ni yeye wa kwanza.

Mama Wawili: Huyo anayekwepa hata samaki ndiyo atakuja kukopa? Soma uzi.

Afisa Kivuli: Mbaneni mwenye nyumba apokee miezi mitatu mitatu. Vyumba vikikaa wazi naye anaumia. Mkumbusheni pia kwamba tangu 2021 kodi ya jengo, ile ya serikali inayomhusu yeye, inakatwa kwenye LUKU, na umeme mnanunua nyinyi. Hela ndogo, lakini kwenye mazungumzo inasaidia.

Mleta uzi: Nimewasoma, asanteni. Mwenye nyumba nimempigia, miezi mitatu hajakataa, anataka tuonane Jumamosi. Mpango wa siri nimeuacha. Mshahara sitautaja, ila habari ya masta nitamwambia leo akirudi.

Mtoto wa Pangani: Muulize kwanza kama anataka kukaa au kuhama. Masta baadaye. Na usimuulizie mbele ya watu.