Tupeane uzoefu: mirathi na wosia kwenye familia zetu huku Moshi na Arusha

Mwana wa Kibosho
Habari zenu wapendwa. Baba yetu alifariki mwaka juzi bila kuandika chochote. Tuko sita. Kihamba cha nyumbani, yaani shamba la ukoo, hakikuleta neno, kila mtu alijua ni cha kitinda mimba. Shida ikawa kiwanja cha Himo. Baba alikinunua kwa karatasi ya mkono mbele ya balozi wa nyumba kumi, na karatasi hiyo tuliitafuta miezi mitatu. Ilikuja kuonekana ndani ya bahasha ya eksirei ya mama! Wakati huo jirani alishapanda masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka, hatua nne ndani ya eneo letu.

Mahakama ya mwanzo wakataka cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo. Kikao tulikaa vizuri siku ya kuanua matanga, ila katibu hakuchukua sahihi za watu. Ikabidi baba wadogo warudi tena kutoka Dar na Mwanza. Wenzangu, ninyi mlipitia nini?

Mama wa Ngaramtoni
Pole sana kaka. Mimi ukoo ulimteua shemeji yangu kuwa msimamizi wa mirathi ya mume wangu. Nikaona sawa, ni damu yake. Alipopata barua ya mahakama akaanza kukusanya kodi ya vyumba na kutuambia mali iko chini yake. Nililia mwaka mzima, nikidhani sheria ndivyo inavyosema.

Karani mmoja ndiye aliyenifungua macho: msimamizi si mrithi. Anakusanya mali, analipa madeni, anawagawia warithi, basi. Na mahakama ya mwanzo inampa miezi minne kupeleka orodha ya mali na madeni, labda aombe kuongezewa muda. Shemeji hakuwa amepeleka hata ukurasa mmoja. Nikaandika barua kwa hakimu, akaitwa, akashindwa kujieleza, akaondolewa. Sasa msimamizi ni mimi na mwanangu mkubwa. Akina mama, msiogope kurudi kwa hakimu.

Meku wa Marangu
Mzee wangu ukimtajia wosia anasema unamtabiria kifo. Mlianzaje?

Binti wa Sakina
Shikamoo meku. Sisi baba alianza mwenyewe, baada ya kuona ya jirani. Aliandika kila kitu: mashamba, nani anamdai, anadaiwa kiasi gani Saccos, na hati ziko kabati gani. Akasaini mbele ya mashahidi wawili ambao hawarithi kitu, nakala akaipeleka RITA, wakala wa serikali, wanatunza wosia kwa ada. Mimi na dada yangu tumeolewa, ila tumeandikiwa kiwanja. Bila ile karatasi najua tungeambiwa tukadai kwa waume zetu.

Alipofariki bado tulikwenda mahakamani, wosia haukuondolei safari hiyo. Ila hapakuwa na ugomvi.

Kwa mzee, usianze na neno wosia. Mwombe akutembeze mipaka yote, uandike.

Mwana wa Kibosho
Asanteni mno. Hilo la kutembea mipaka nimelichukua. Mama bado yupo, ana ng'ombe wawili na shamba la chini, na anataka lile shamba liwe la dada yetu. Jumamosi napanda nyumbani na daftari. Mashahidi nitamwomba mwalimu mstaafu wa jirani na mzee wa kanisa, wote hawarithi kitu.