Tupeane uzoefu: Tumewazidi wazee wetu, au tumewazidi vifaa tu?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Mwezi uliopita nilipanda Kibosho, kwetu mlimani Kilimanjaro, kuzika. Siku zote za msiba bomba la mradi halikutoa tone. Kifaa kimoja kimepasuka, na kipuri mpaka kitoke Dar. Maji ya kupikia waombolezaji tulichota kwenye mfongo, uliochimbwa kabla babu yangu hajazaliwa. Kwa wasioujua, ni mfereji unaochepusha maji ya mto huko juu korongoni, unayazungusha kwenye ubavu wa mlima mpaka migombani. Nikamuuliza baba mdogo walipimaje mteremko bila pima maji. Akasema walichimba huku maji yakiwafuata nyuma. Yakisimama, wamekosea, wanarudia. Mimi na diploma yangu nimeshika ndoo.

Leteni mliyoyaona wenyewe, si ya kusoma.

FundiMsanifu

Niliwahi kupata kibarua cha kukarabati magofu kule Kilwa Kisiwani. Siku ya kwanza nikashauri tupige saruji tumalize. Fundi mkuu, mzee wa makamo, akacheka mpaka akakaa chini. Saruji ni ngumu kuliko matumbawe na inaubana ukuta. Unyevu na chumvi vikikosa pa kutokea vinalila jiwe lenyewe. Dawa ni chokaa ileile ya zamani: matumbawe yanachomwa juu ya rundo la magogo, yanazimwa kwa maji, kisha inaachwa ilale kabla ya kutumika. Kulala ndiko kulikonishinda, nimezoea mwenye nyumba anayepiga simu kila saa. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331, na sehemu ya Msikiti Mkuu ilikuwa imeshasimama. Nyumba niliyojenga Mbagala 2014 ina nyufa za kuingiza kidole. (Mchanga ulikuwa na chumvi, nakiri.)

Nesi_wa_Zamu

Mnanifurahisha. Bibi yangu alizaa tisa, akazika wanne, wawili kwa surua ndani ya wiki moja. Dawa za miti alizijua kuliko yeyote kijijini na hazikumsaidia. Mimi nina watatu, wote wamechanjwa, surua naiona kwa wagonjwa tu. Ndui nayo iliua watu tangu enzi za mafarao. Mgonjwa wa mwisho wa maambukizi ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, mwaka 1977, na 1980 ikatangazwa imetokomezwa duniani. Mfongo mzuri, chokaa nzuri, lakini kwenye leba msinirudishe huko.

Mleta mada

Dada Nesi, hapo sina jibu.

Omwana wa Kagera

Niongeze la kwetu. Wahaya walikuwa wakiyeyusha chuma tangu miaka kama 2,000 iliyopita. Mabomba ya udongo ya mivukuto yaliingizwa mpaka ndani ya tanuru, hewa ikapata moto kabla haijafika kwenye mkaa. Ila sikilizeni hili: miaka ya 1970 watafiti walipowaomba wazee wajenge tanuru tena, kazi ilikuwa imeachwa miongo mingi, maana majembe ya dukani yalikuwa rahisi. Wazee wakajenga kwa kukumbuka, wakashindwa, wakarudia mpaka chuma kikatoka. Wangechelewa kuulizwa miaka ishirini tu, asingebaki wa kukumbuka. Babu yangu mwenyewe alikuwa wa ukoo wa wahunzi. Nilichorithi kwake ni jina.

Mwana wa Nahodha

Marehemu baba aliendesha jahazi Lamu hadi Zanzibar kwa nyota na rangi ya maji. Mimi natumia GPS. Mwaka juzi betri ilikufa usiku, nikajua nyota mbili tu, na moja sikuwa na hakika nayo. Tulitia nanga tukasubiri kuche. Lakini tuseme kweli: baba naye alipoteza wenzake wengi kwa tufani ambazo leo ningetangaziwa redioni siku mbili kabla.

FundiMsanifu

Nahodha, hiyo nyota ya pili ni ipi? Mie pia nijifunze.

Mwana wa Nahodha

Ndo nakwambia sina hakika nayo, mkuu.

Mleta mada

Nimepiga simu nyumbani leo. Kipuri hakijafika. Jumamosi ni zamu ya ukoo wetu kusafisha mfongo, na nimeambiwa asiyekwenda analipa faini ya debe la mbege, pombe yetu ya ndizi. Nimeshakata tiketi.